Chai ya Matumbo ya Samaki

Usiseme hukupita. Ulipita. Barabara ya Nausori inauvuka mfereji ule, na ulipofika darajani ulipandisha kioo cha gari. Kama ulikuwa na watoto, uliwaambia waangalie mbele. Wakaangalia mbele, maana watoto wako wana adabu, na Vunidilo ikabaki nyuma yenu upande wa kushoto, pamoja na nyumba zake za mabati na watu wake wasio na kioo cha kupandisha.

Harufu uliyoikimbia ni ya vichwa na matumbo ya jodari. Kiwanda cha samaki wa kopo kimekuwa kikiyamwaga mferejini tangu siku kilipofunguliwa, na siku hiyo tunaikumbuka vizuri. Bendi ilipiga, mkubwa mmoja akakata utepe, akala kipande cha samaki mbele ya watu, akasema mtamu. Hakuna aliyemwomba aonje na upande wa pili wa bomba.

Mwaka huu serikali iliamka ikakiambia kiwanda: mferejini, basi. Kiwanda kikatangaza kwamba kina njia mbili. Ya kwanza ni kujenga mtambo wa biogesi: matumbo yaingie, gesi itoke, moto wake uchemshe maji ya kiwanda. Ya pili ni kuchimba bwawa la uchafu. Bwawa linataka uwanda, na uwanda uliopo ni mmoja, nao ni Vunidilo, ambako watu wamejenga kwa ruhusa ya wenye ardhi, ruhusa iliyotolewa kwa mdomo juu ya bakuli la yaqona, kinywaji cha mizizi cha kufungia maneno, na kupigiwa makofi. Makofi hayana muhuri. Ipi kati ya njia hizo mbili, kiwanda kilisema, itaamuliwa na sayansi. Kililisema hilo kwa unyenyekevu mkubwa.

Sayansi yenyewe ilikuwa kwenye maabara ya chuo kimoja mjini Suva: chupa kubwa za kioo zenye tope jeusi, zimeketishwa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, kila moja na mrija wake na mfuko wake wa gesi. Aliyezibuni ni Dakta Vikashni. Aliyezilisha, akazikoroga, akazibua mirija ilipoziba, ni mhudumu wa maabara aliyeitwa Losalini. Losalini aliishi Vunidilo, nyumba ya tatu kutoka mferejini, na mumewe Taniela na mama mkwe wake, Bibi Akanisi. Yaani mpishi wa chupa ndiye ambaye chupa zikigoma angelala nje. Hakuna aliyeliona hilo kuwa jambo la kutajwa.

Chupa zilikuwa hazijatoa hata povu la kwanza siku Isikeli alipokuja Vunidilo na nyundo na fungu la vigingi vyekundu.

Isikeli ndiye ofisa wa kiwanda wa kuongea na majirani. Ni mtu wa Kadavu, kisiwani. Taniela na mama yake ni wa Naitasiri, milimani, na Kadavu na Naitasiri ni watani tangu zama za mizimu: kutukana ruksa, kukasirika marufuku.

"Nyie watu wa milimani!" alipiga kelele toka njiani. "Nimekuja kuwafundisha kuogelea!"

"Karibu, mnyonya vichwa vya samaki," Bibi Akanisi alimjibu. "Umekuja kunusa kwenu?"

Isikeli akapiga kigingi karibu kabisa na choo cha Bibi. "Hapa ndipo ukingo wa bwawa, Bibi. Ukishikwa na haja huhitaji tena mlango. Unajirusha tu."

Bibi akamchapa ufagio wa mgongo. Taniela alicheka mpaka akakaa chini.

"Na nyumba yetu je, mtani?"

"Nyumba yenu nimeipangia pazuri, katikati. Sakafu ya matumbo, paa la nzi."

Bibi akamwagia ndoo ya maji kichwani, kama inavyotakiwa. Wote walicheka, hata Isikeli, akiwa amelowa chapachapa. Ila alipoondoka hakuidai kofia yake, ambayo Taniela alikuwa ameificha nyuma ya pipa. Mtani asiyedai kofia yake ana lake jambo. Lakini nani ana muda wa kuchunguza kofia? Losalini alichuma majani ya muhogo, Taniela akalala, na Bibi Akanisi, alipoona kigingi kimekaa imara, akapanda mbegu ya boga chini yake.

Taniela alikuwa mpakuaji wa samaki kiwandani. Chupa zilipoanza kulishwa, miezi miwili baada ya vigingi, kila alfajiri alimtolea mkewe ndoo ya matumbo getini, naye Losalini akapanda nayo basi.

"Mama Matumbo!" dereva alimkaribisha. "Nyuma kabisa. Na hiyo ndoo uikalie."

"Nimeifunika, kaka."

"Umetufunika macho. Pua je?"

Abiria walicheka. Losalini naye alicheka, kwa kuwa kwenye basi lile asiyecheka hushushwa. Maabarani aliyasaga matumbo pamoja na maganda ya muhogo ya sokoni, akapima, akavilisha vijidudu vilivyo ndani ya tope. Mifuko ilianza kuvimba. Siku moja Dakta Vikashni aliwasha kiberiti kwenye mrija, kukatokea mwali wa buluu, mdogo, umekaa wima kama mtoto wa darasa la kwanza. Losalini alirudi nyumbani akala magimbi yaliyopoa bila kuyaona.

Dakta Vikashni hakuwa mtu mbaya. Alimwita Losalini dada, na alipotakiwa kwenda mkutanoni Brisbane alimwachia maagizo mwenyewe, ana kwa ana.

"Kidogo kidogo, kila siku. Vijidudu hivi ni kama mtoto mchanga, dada. Ukimshindilia, tumbo linachacha. Likichacha, gesi inakufa. Mimi narudi Jumatatu. Jumanne meneja wa kiwanda anakuja kuuona moto."

"Na Jumapili, Dakta?"

"Vijidudu havina Jumapili."

Vunidilo inayo. Jumapili Vunidilo hazifuliwi nguo wala hazikatwi kuni. Hata mpira ukimponyoka mtu, unaachwa ulikosimama mpaka Jumatatu. Jumapili mbili Losalini alikuwa amechomoka baada ya ibada, bado na gauni lake la kanisani, akaenda mjini, akalisha, akarudi. Ya pili mke wa shemasi alimwona kituoni. Jioni ile mchungaji aliomba dua ndefu kwa ajili ya "dada yetu mmoja anayewashia moto siku ya Bwana," na macho yote yaliyofumbwa yaligeuka kumtazama. Tangu hapo, kwenye bomba la maji la mtaa, akifika na ndoo yake, wanawake walikumbuka kwamba wameacha chungu jikoni.

Jumamosi kabla ya Jumanne ile ya moto, Bibi Akanisi alikataa kula samaki aliyepikwa na mkwewe.

"Mama, kesho ni saa moja tu," Losalini alisema. "Nisipoenda, moto hauwaki. Moto usipowaka, tunahamishwa."

"Nani anatuhamisha? Bwana hajasema."

"Kiwanda kimesema."

"Kiwanda kiliumba siku ya saba?"

"Sasa mimi nifanyeje, mama?"

Bibi alimtazama kama mtu anayetazama mwanafunzi aliyesahau jibu rahisi. "Wewe hukufundishwa habari za mana? Kule jangwani, siku ya sita waliokota maradufu, sehemu ya pili ikalala ndani, asubuhi ikakutwa nzima, haina hata funza. Mungu mwenyewe alipanga zamu. Wape leo maradufu, kesho wapumzike na wao."

"Mama, zile ni chupa," Taniela alisema.

"Na tumbo lako ni nini? Si chupa yenye kitovu?"

Taniela akachukua kipande kingine cha samaki.

Usiharakishe kumcheka Losalini. Katika nyumba ile magimbi ya Jumapili yalimenywa Jumamosi, nazi zikakunwa Jumamosi, kuni zikapangwa Jumamosi, na hakuna kilichowahi kuharibika. Maneno ya Dakta aliyakumbuka vizuri. Ila Dakta alikuwa Brisbane, na mke wa shemasi alikuwa nyumba ya pili. Akaenda mjini, akasaga cha siku mbili, akamimina. Chupa zilipokea bila kulalamika. Kesho yake alikaa kanisani safu ya mbele, na baada ya ibada mke wa shemasi alimshika mkono.

Jumatatu alipofungua mlango wa maabara, harufu ilimpokea kabla hajawasha taa. Si ya samaki, hiyo ni ndugu yake. Ilikuwa harufu kali ya siki, ya kitu kilichochacha. Mifuko ilikuwa imelala kama soksi.

Dakta Vikashni alikuja moja kwa moja toka uwanja wa ndege, na sanduku lake. Alichovya karatasi ya kupimia uchachu, akaitazama, akaiweka mezani taratibu.

"Losa. Umewalisha nini?"

"Kile kile."

"Kiasi gani?"

Losalini aliangalia beseni. "Jumamosi niliwapa na cha Jumapili."

Dakta alikaa. Hakugomba. Ingekuwa afadhali angegomba. "Mbona hukuniambia kwamba Jumapili huwezi? Ningetafuta mtu."

"Chuo kinamlipa mtu Jumapili?"

"Hapana."

"Mimi zile Jumapili mbili za mwanzo nililipwa?"

Dakta Vikashni alifungua sanduku lake, akalifunga tena bila kutoa kitu. Mwishowe akasema, "Magadi. Tusiwape chakula, tutie magadi kidogo kidogo mpaka uchachu ushuke. Watapona."

"Kabla ya kesho?"

"Si kabla ya kesho."

Meneja alikuja Jumanne na viatu safi. Isikeli alimfuata nyuma. Chuo kiliandaa biskuti. Dakta alieleza kwamba chupa zimeumwa, zinatibiwa, kwamba wiki nzima kabla ya hapo zilikuwa zikiwaka. Akaomba siku chache zaidi. Meneja alimsikiliza kwa heshima zote, kisha akamwomba ajaribu tu, maadamu wamefika. Dakta akabofya kiberiti cha gesi kwenye mrija. Akabofya tena. Akabofya tena. Isikeli alikuwa akitazama viatu vyake mwenyewe kana kwamba ameviazima.

"Ni jitihada nzuri sana," meneja alisema. Alikula biskuti moja, akaishukuru sayansi, akaondoka.

Habari ilifika Vunidilo kabla ya Losalini. Wanawake hawakuondoka bombani safari hii. Walibaki, ili wamtazame vizuri.

"Angefanya kazi Jumapili ile moja tu," alisema mke wa shemasi, akimlenga jirani kwa maneno na Losalini kwa sauti. "Mungu angeelewa. Mungu si katili."

Nyumbani Bibi Akanisi alichukua kisu. Alikaa akimenya gimbi moja, akalimenya mpaka likabaki dogo kama yai.

Basi ikabidi iombwe radhi. Alhamisi, Taniela alivaa sulu yake nzuri, shuka ya heshima ya kiunoni, akabeba fungu la mizizi ya yaqona, akaenda kwa Mzee Eroni, mkuu wa mtaa, watu wote wakiwa wamekusanyika. Alikaa karibu na mlango, mahali pa mkosaji. Losalini alikaa nyuma yake, kichwa chini, akihesabu nyuzi za mkeka.

"Mzee," Taniela alisema, akilisukuma fungu mbele, "nyumba yangu imewakosesha nyumba. Hatuna la kujitetea. Tumekuja kujizika mbele yenu."

Mzee Eroni aliliangalia fungu. Akilipokea na kupiga makofi, kosa limezikwa. Asipolipokea, mtu anahama hata kama tingatinga halijaja. Alikuwa amenyoosha mkono Isikeli alipoinama mlangoni.

"Jumatatu asubuhi tingatinga linaingia," Isikeli alisema. "Toeni vyombo."

Chumba kizima kikapasuka kwa kicheko. Watu walikuwa wamebanwa mno, na mtani amekuja kuwafungulia. Mmoja alimtupia mto. "Mnyonya vichwa! Hata matangani huchoki?"

"Naombeni msicheke."

Walizidi kucheka. Isikeli alikaa chini palepale mlangoni, juu ya viatu vya watu, na kwa mara ya kwanza tangu wamjue hakumtukana mtu wa Naitasiri.

"Leo si utani," alisema. "Na siku ile ya vigingi haukuwa utani. Nilitumwa kuwaambia bwawa linakuja. Nilipowaona mmekaa hivi, nikaona haya, nikalipitishia kwenye utani. Mkanimwagia maji. Nikarudi kazini nikaripoti kwamba wakazi wameelezwa, na wamelipokea kwa furaha."

Kicheko kilikufa kipande kipande, wa mwisho akiwa mzee mmoja kiziwi.

Losalini aliinua kichwa. Mkosaji hainui kichwa kabla fungu halijapokelewa, lakini aliinua. "Siku ya vigingi chupa zilikuwa hazijatoa hata povu."

"Ndiyo, shemeji."

"Kwa hiyo Jumanne, kama moto ungewaka?"

Isikeli alifuta uso. "Angewapongeza. Angekula biskuti mbili. Bwawa lilikwisha kupewa mkandarasi. Hizo chupa zilikuwa za kumwonyesha mtu wa serikali kwamba tulijaribu."

Bibi Akanisi aliinuka, akatoka nje bila kuaga, na watu walimwona kupitia mlangoni akielekea chooni kwake, akasimama mbele ya kigingi. Shina la boga lilikuwa limekizunguka toka chini mpaka juu, na boga lililoning'inia lilikuwa kubwa kuliko kichwa cha mtoto. Alilitazama muda mrefu. Boga halikui kwa siku mbili.

Ndani, Mzee Eroni alilisukuma fungu la yaqona kumrudishia Taniela.

"Chukua, mwanangu. Hili halikuwa lako la kuleta."

Jumamosi chupa zilipona. Magadi yalikuwa yamefanya kazi yake, vijidudu vikala tena, kidogo kidogo, mifuko ikavimba. Dakta Vikashni akabofya kiberiti, mwali wa buluu ukasimama wima. Alipiga simu kiwandani. Meneja yuko mkutanoni. Akapiga tena. Meneja ametoka. Akapiga mara ya tatu, akaambiwa kwamba kiwanda kinaithamini sana kazi yake.

"Dakta," Losalini alisema, "nipe gesi."

"Ya nini?"

"Ya chai."

"Losa, hiyo ni mali ya utafiti."

"Na matumbo yalikuwa mali ya nani? Na kwenye basi niliikalia ndoo ya nani?"

Dakta Vikashni alivua koti lake jeupe, akalitundika. Kisha akasaidia kukamua mifuko, mmoja baada ya mwingine, kuingiza gesi kwenye mpira wa ndani wa tairi la lori ambao Taniela aliuazima kwa fundi. Mpira ulijaa, ukawa mnene. Waliubeba wawili hadi barabarani. Dereva wa basi aliuangalia.

"Mama Matumbo, leo nini tena?"

"Yale yale, kaka. Yameiva."

Hakumpeleka nyuma.

Na Jumapili, kengele ya kwanza ya kanisa ilipolia, Bibi Akanisi alitoka chumbani na gauni lake jeupe na kofia yake ya majani iliyosukwa, mkononi ana birika.

"Mama," Losalini alisema, "leo ni siku ya saba. Tunakwenda kuwasha moto."

"Nimeshajua ni siku gani. Nilikuwepo ilipoanza." Akampa birika. "Siku ya sita nilikudanganya. Beba."

Wamekaa sasa hivi mbele ya geti la kiwanda, Vunidilo nzima, na mavazi ya kanisani, na mchungaji naye kaja baada ya kuona safu zote ziko tupu. Mlinzi alitoka.

"Bibi, hapa hairuhusiwi kuwasha moto."

"Huu si moto, mjukuu wangu. Ni sayansi. Muulize bosi wako."

Dakta Vikashni alifungua mrija, Losalini akabofya, na mwali wa buluu ukakaa chini ya birika. Hauna moshi. Hauna harufu. Maji yalichemka taratibu, yakatiwa majani ya mlimau. Mlinzi alikunywa wa kwanza, amesimama, akitazama pembeni. Isikeli alikuja bila kofia. Taniela alimwekea ile ya zamani kichwani, akampa kikombe, hawakutukanana.

Kisha gari la meneja likatoka getini polepole, maana watu walikuwa wengi. Losalini alilisogelea, kikombe mikononi mwake miwili, kama anavyopewa mgeni.

"Chai, bwana. Ya matumbo yako."

Kioo kikapanda. Kilipanda taratibu, bila sauti, na kilipofika juu Losalini aliona ndani yake uso wake mwenyewe na mvuke wa chai.

Kioo hicho unakijua. Unacho kama hicho.

Tingatinga limekwisha kuegeshwa nyuma ya geti. Dereva wake amekunywa vikombe viwili na kusifu chai. Anasema yeye hana ugomvi na mtu, anafuata amri tu, ila amri hiyo haiwezi kupita juu ya watu, na hawa waliopo hawatoshi kuziba barabara. Amewahesabu. Kesho ni Jumatatu.

Njia unaijua. Ukifika darajani, shusha kioo. Zima gari katikati ya barabara. Waambie watoto waangalie kushoto, kisha teremkeni wote. Birika lipo motoni. Njoo leo, na kikombe chako.